Textura: andika weusi, pima weupe

Anayeanza kujifunza Textura, mwandiko wa kale wa Ulaya, hukazia macho herufi. Mimi nashauri akazie nafasi zilizo kati ya herufi, maana uzuri wa mwandiko huu uko humo. Ulienea kaskazini mwa Ulaya kuanzia karne ya 12, na jina lake linatokana na neno la Kilatini la kufuma. Ukurasa uliokamilika kweli hufanana na nguo: mistari myeusi na myeupe yenye upana mmoja, toka ukingo hadi ukingo. Johannes Gutenberg alipochapa Biblia yake mjini Mainz, karibu mwaka 1455, alisubu herufi za metali zifuate mwandiko huohuo.

Kalamu ya ncha pana ya milimita 3.8 inatosha kuanzia. Pilot Parallel, kalamu inayobeba wino ndani yake, ina saizi hiyo. Nibu (yaani ncha ya kalamu) ya milimita 1.5 iache kwanza, kwa kuwa inaficha makosa na hutajua unakosea wapi. Usitie ndani ya Pilot Parallel wino wa kuchovya, utaganda na kuziba. Ukipenda nibu ya kuchovya, ikiwa mpya ioshe kwa sabuni kuondoa mafuta ya kuzuia kutu, la sivyo wino utajikusanya matone badala ya kutandaa. Pakia wino kwa brashi ndogo, usiizamishe nibu chupani. Karatasi ya fotokopi ya gramu 80 hunywa wino hadi herufi zinaota nywele pembeni. Tafuta iliyo laini, ya gramu 100 au 120.

Kipimo hapa ni upana wa nibu. Aliyejifunza hati ya Kiarabu hatashangaa, kwani alifu nayo hupimwa kwa nukta za kalamu ileile inayoiandika. Katika Textura mwili wa herufi una kimo cha nibu 5, yaani milimita 19 kwa kalamu yetu. Vichwa vya b, h na l vipande nibu 2 zaidi, na mikia ya p na q ishuke nibu 2. Piga mistari yote minne kwa penseli kabla ya kugusa wino.

Shika nibu ili ukingo wake ufanye pembe ya digrii 45 na mstari. Kujua kama umeipata, chora alama ya kujumlisha: mkono uliolala na uliosimama viwe na unene mmoja. Uliolala ukiwa mwembamba, umeilaza nibu mno. Kwa digrii 45 nguzo, yaani mstari wima wa herufi, hutoka na upana wa milimita 2.7, ukiteleza hadi digrii 30 inafikia 3.3, na jicho hulikamata kosa hilo mara moja. Nguzo inayonenepa kadiri inavyoshuka ina maana kifundo cha mkono kinazunguka. Vuta kwa mkono mzima kutoka begani.

Sasa herufi i, ambayo ningependa uiandike siku kadhaa kabla ya nyingine yoyote. Weka nibu kwenye mstari wa juu wa mwili wa herufi, ivute kwenda chini kulia kwa urefu wa nibu moja tu. Utapata mraba uliosimama kwa kona, kama uru ya karata. Rudi nyuma nusu ya mvuto huo, kisha shuka wima. Simama milimita moja na kidogo kabla ya mstari wa chini wa mwili, rudi tena nusu juu kushoto, vuta uru ya pili hadi kona yake iguse mstari.

Andika i ya pili kando yake, ukiacha weupe wa milimita 2.7, sawa na nguzo. Tazama kwa karibu: uru ina upana wa milimita 5.4, hivyo inachomoza 1.35 kila upande wa nguzo. Kona za uru jirani zitagusana sawasawa. Zikipandana, umebana, zikiachana, umelegeza. Sijui rula nzuri kuliko hiyo, na imo ndani ya herufi zenyewe.

Kutoka hapo n ni nguzo mbili zilizoshikana juu, u zimeshikana chini, m ni tatu. Neno «muumini» lina nguzo 14 mfululizo na ni zoezi zuri kuliko yote. Utaelewa pia kwa nini waandishi wa kale waliweka kistari juu ya i: bila hicho hujui i inaanzia wapi na n inaishia wapi. Kati ya maneno acha nafasi ya i moja, basi. Wengi huacha kubwa zaidi na ile nguo ya ukurasa inatoboka.

Ugumu wa Kiswahili uko kwenye k na w. Vielelezo vingi vya zamani ni vya Kilatini, na herufi hizo ni adimu humo. Zitafute katika maandishi ya Kijerumani na Kiingereza. K ni nguzo ya l yenye kibendera kifupi kulia, na mguu unaoishia kwa uru. Weupe wake umefunguka upande huo, kwa hiyo katika «ka» na «ki» isogeze herufi inayofuata karibu na ule mguu hadi kona ziguse, hata kama mkono unakwambia umebana.