Je, wajua kwa nini tussle na tousle zinafanana hivyo?

Ukikutana nazo kwenye maandishi ya Kiingereza unaweza ukadhani mtu kakosea spelingi, maana tousle ni kumvuruga mtu nywele na tussle ni ile purukushani ya watu wanaogombania kitu, sasa nywele na ugomvi wapi na wapi? Kumbe baba yao mmoja.

Baba mwenyewe ni kitenzi cha zamani, touse, yaani kuvuta na kuvurugavuruga kwa nguvu. Wajerumani bado wanaye binamu yake, zausen, na mpaka leo wanamtumia kwa nywele zinazotimuliwa na upepo. Hata Towser, jina la mbwa la zamani kule Uingereza, limetoka humohumo, mbwa wa kurarua huyo.

Ila utamu uko kwenye ile -le ya mwisho. Mara nyingi inaonyesha kitendo kinarudiwarudiwa: wrest ni kupokonya kwa kusokota, wrestle ni mieleka. Sisi kazi hiyo tunaifanya kwa kurudia kitenzi chenyewe, piga inakuwa pigapiga, kwa hiyo tousle ukiichambua ni kuvutavuta tu. Tussle ndo hiyohiyo ilivyotamkwa kaskazini mwa Uingereza na Scotland, halafu ikashika njia yake.

Kwa matumizi, tousle inadai cha kuvurugwa, na karibu kila mara ni nywele: mtu anapita anamtimua mtoto nywele kichwani kwa mapenzi, au kaamka sasa hivi, kichwa timutimu, huyo nywele zake ni tousled. Tussle sasa, piga picha watoto wawili wameshika rimoti moja, huyu anavuta, yule anavuta, hakuna ngumi lakini hakuna anayeachia. Unatussle with mtu, over kitu. Magazeti yanaipenda hata pale ambapo hakuna aliyemgusa mwenzake, kampuni mbili zinagombea jina kortini basi tayari ni tussle, na hapo mimi naona tafsiri safi kuliko zote ni vuta nikuvute, maana kuvuta kwenyewe kumo ndani bado.

Kutamka, tousle ni kama tauzo na tussle ni kama taso. Kuzichanganya usione haya, wenyewe wenye lugha kila siku wanaandika tussled hair, nywele zilizotoka kupigana.