Mkuu wa idara ya uhasibu, anza kwa kuhesabu saa

Chukua darasa la uhasibu la mwaka wa kwanza lenye wanafunzi 400. Wamefanya jaribio moja, na kila karatasi inahitaji dakika 15 isahihishwe kwa makini. Hizo ni saa 100. Mhadhiri wa saa 40 kwa wiki atazimaliza kwa wiki mbili na nusu, endapo hafundishi, hasimamii tafiti wala haingii kikao chochote. Hatuna mhadhiri wa namna hiyo. Basi karatasi zinasahihishwa mbiombio, au maswali yote yanageuzwa kuwa ya kuchagua jibu, na kijana anafika mwaka wa tatu bila mtu kumwonyesha ni wapi hasa urari wake, yaani jedwali la hesabu ambalo pande zake mbili lazima zilingane, ulipoanza kugoma.

Nimekaa kwenye kiti cha ukuu wa idara, na kwa wanaokipokea sasa nina ushauri mmoja: hesabuni saa za watu wenu kabla ya fedha. Fedha na vibali vya ajira vinaamuliwa mbali na ofisi ya idara. Saa ziko mikononi mwenu.

Mwaka wangu wa kwanza sikufanya hivyo. Niliwaachia wahadhiri wasaidizi wawili waondoke kwenda kusoma shahada ya uzamivu katika muhula uleule, nikifurahi kwamba idara inakua. Wote wawili walikuwa walimu wa ukaguzi. Somo lile likabaki kwa mtu mmoja, akaugua, na wanafunzi ndio walioumia. Tangu hapo nilidai kila somo la msingi liwe na walimu wawili wanaolijua, hata kama mmoja analifundisha mwaka huu na mwenzake mwaka ujao.

Kusahihisha nako kuna njia. Gawa wale 400 katika vikundi vya wanne, upate vikundi 100. Kila kikundi kipewe fungu la hati za malipo, stakabadhi na taarifa ya benki, kiandae usuluhishi wa benki, yaani kulinganisha kumbukumbu hizo na taarifa ya benki, kisha kije kuutetea kwa mdomo dakika 15. Jumla ni saa 25, robo ya zile za mwanzo. Faida nyingine ni kubwa zaidi: programu za akili unde siku hizi zinaandika majibu ya nyumbani yanayopendeza, lakini anayeulizwa ana kwa ana kwa nini hundi hii haijaonekana benki lazima awe anajua. Ndani ya dakika hizo 15, mwulize kila mmoja peke yake, la sivyo watatu watajificha nyuma ya mmoja.

Mtaala nao hausubiri. Tanzania inatumia viwango vya kimataifa vya taarifa za fedha tangu Julai 2004, na viwango hivyo vinabadilika. Kiwango kipya, IFRS 18, kinaanza kutumika Januari 1, 2027, kikichukua nafasi ya kile cha zamani, IAS 1, na kupanga upya taarifa ya faida na hasara kwa mafungu ya uendeshaji, uwekezaji na ugharamiaji. Mwanafunzi aliyeko mwaka wa kwanza leo atakutana nacho kazini. Mhadhiri anahitaji saa za kukisoma kabla ya kukifundisha, na saa hizo ziandikwe kwenye ratiba kama kipindi kingine chochote. Usipoziandika, hazipo.

Tafuteni pia wahasibu walio kazini waje kufundisha kwa muda, hasa kodi na ukaguzi. Walipeni kwa wakati. Mkaguzi mzuri akicheleweshewa posho mihula miwili harudi, na huwezi kumlaumu.

Jambo la mwisho linanigusa sana. Bajeti ya idara iwekeni mezani, wahadhiri wote waione, pamoja na kilichoombwa kikakataliwa. Sisi ndio tunaowafundisha watakaoandaa hesabu za halmashauri, SACCOS na hospitali, na watakaozikagua. Kijana anayemwona mkuu wake akificha matumizi ya wino na karatasi ameshapata somo la uwajibikaji, nalo si lile lililoandikwa kwenye mtaala. Nilipoanza kubandika matumizi yetu ukutani kila mwezi, mwalimu wa hesabu za gharama alikuja wiki ya pili na kalamu nyekundu. Alikuwa ameona kosa kwenye jumla yangu, na alikuwa sahihi.