Makaburi ya zamani ya Tanga: tunayosema na yalivyo

Kila msaragambo, yaani kazi ya pamoja ya kujitolea, unapotangazwa kwenye makaburi ya zamani ya mjini Tanga, maneno hufika kabla ya mapanga. Wapo wanaosema ni kazi ya bure. Wapo wanaosema waachiwe Wazungu wenyewe. Na wapo wanaokuja na fyekeo begani na nia njema kabisa, halafu kufikia adhuhuri wameharibu kuliko magugu ya miaka mitano. Hawa wa mwisho ndio hasa ninaowaandikia.

“Pale wamelala Wazungu, sisi yanatuhusu nini?”

Vita vya Tanga vilipiganwa tarehe 2 hadi 5 Novemba 1914, mwanzoni mwa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Waingereza walioshusha jeshi Ras Kasone walikuja na watu wapatao 8,000, na wengi wao walikuwa Wahindi. Waliowangoja mjini wakiwa na Wajerumani, walioshika bunduki kwa wingi, walikuwa askari Waafrika. Mjerumani Tom von Prince, aliyejulikana kwa jina la Bwana Sakarani, aliuawa tarehe 4, na habari zake zinasimuliwa mpaka leo. Wapagazi waliobeba risasi na vyakula vya majeshi yote mawili katika Vita Kuu hiyo upande wa Afrika Mashariki, wakafa kwa njaa na kuhara kuliko kwa risasi, hawasimuliwi.

Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa ripoti ikikiri kwamba, kati ya waliokufa katika Vita Kuu hiyo, watu wasiopungua 116,000, na huenda wakafika 350,000, wengi wao kutoka Afrika Mashariki na Misri, hawakuandikwa majina yao au hawakukumbukwa kabisa. Kwa anayejitolea, jambo hili lina maana moja ya kazi: mahali pasipo na jiwe si lazima pawe mahali patupu. Usichimbe shimo la taka kwa kuwa umeona pako wazi. Usipande mti kwa kuwa umeona pana nafasi. Uliza kwanza wazee wa mtaa na wanaotunza daftari la makaburi, kama lipo.

“Majani marefu ndiyo yanayozaa mbu”

Mbu anazaliwa kwenye maji. Majani yanampa kivuli cha kupumzikia mchana, basi. Mwaka 2019 dengi ilipoisumbua nchi, Tanga na Dar es Salaam ndizo zilizoumia zaidi, na mbu wa dengi hahitaji bwawa. Anaridhika na kifuu cha nazi, kikombe cha plastiki, tairi, chungu cha maua kilichoachwa juu ya kaburi tangu arubaini ya marehemu. Inamisha chungu kimoja cha namna hiyo baada ya mvua ukakitazame kwa karibu: viluwiluwi vinajinyonganyonga kwenye vidole viwili vya maji. Unaweza kufyeka eneo zima likabaki kama uwanja wa mpira na mbu wakazidi, kwa sababu vyombo vyote vimebaki pale pale. Mtu mmoja mwenye kiroba cha kuokotea vifuu na chupa ana faida kuliko watano wenye mapanga. Njia za kupitia zifyekwe, sawa, watu waone wanapokanyaga.

“Kusafisha ni kuacha peupe”

Hapa ndipo tunapoharibu zaidi. Udongo wa mwambao ni mchanga mchanga. Ukiung'oa majani yote kabla ya masika, mvua inauchukua na kaburi linaanza kuzama upande mmoja. Majani mafupi yanaushika. Moto nao tunaupenda mno: unakusanya majani makavu, unayawasha karibu na jiwe, na jiwe linapasuka kwa joto. Majani yarundikwe pembeni, mbali na makaburi, yaoze yawe mbolea.

Halafu kuna mtini pori, ule unaoota juu ya ukuta baada ya ndege kuacha mbegu. Ukiwa bado mche wa kidole, ung'oe. Ukishakuwa mnene usiuvute hata kidogo, maana mizizi imeshapita katikati ya mawe na sasa ndiyo inayoyashikilia. Ukivuta mti, unavuta ukuta. Ukate, na ukichipua ukate tena, mpaka uchoke wenyewe, huku mkitafuta fundi wa kuangalia ukuta.

“Kaburi likipasuka, piga saruji”

Ningekuwa na uwezo, mfuko wa saruji usingeingia kwenye makaburi ya zamani ya pwani bila ruhusa ya maandishi. Makaburi ya nguzo ya Tongoni, kusini mwa jiji, yalijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Nguzo nyingi zimeanguka, ni kweli, lakini zilizosimama zimesimama kwa karne nyingi bila punje ya saruji.

Jiwe la matumbawe lina vitundu. Linanyonya unyevu wa ardhini na chumvi ya upepo wa bahari, kisha linautoa unyevu huo taratibu kupitia chokaa, ambayo ni laini kama jiwe lenyewe. Saruji ni ngumu na inaziba. Maji yakikosa pa kutokea yanabaki ndani ya jiwe, chumvi inaganda kwenye vitundu, inasukuma, na jiwe linageuka unga nyuma ya plasta inayoonekana nzima. Baada ya misimu kadhaa ya mvua plasta inabanduka na uso wa jiwe unaondoka nayo, maandishi yakiwemo. Mwenye kulaumiwa anakuwa mvua. Mafundi wazee wanaojua kuchanganya chokaa bado wapo mwambao huu; watafuteni hao kabla hamjachangishana hela za saruji.

Na ndimu! Sijui ni nani aliyeanza, lakini mtu akiona jiwe la marumaru limefanya weusi anakuja na ndimu na brashi ya waya. Kamulia tone moja kwenye marumaru: linatoa povu dogo. Povu hilo ni jiwe linayeyuka, kwa kuwa marumaru na matumbawe vyote viwili huliwa na asidi. Siki ni hivyo hivyo, na klorini nayo kaeni nayo mbali. Maji safi, brashi laini ya nyuzi na subira vinatosha. Herufi zikiwa zimefifia, piga picha asubuhi mapema jua likiwa la ubavuni, vivuli vitakusomea.

“Ile mibuyu ina majini, na nyuki ni wa kutumwa”

Majini siyazungumzii. Lakini wanaopiga kelele mbuyuni usiku ni popo, nao wana kazi: maua ya mbuyu hufunguka jioni na popo ndio wanaoyachavusha. Bila wao usingekula ubuyu. Nyuki nao wana sifa mbaya hapa tangu 1914, walipowatimua askari katikati ya mapigano, na wapo Waingereza walioapa kuwa ulikuwa mtego wa Wajerumani. Ukweli ni kwamba risasi ziliwachokoza, wakauma pande zote mbili. Mkikuta mzinga kwenye mti wa makaburini, fyekeni mbali nao na mwiteni mrina asali.

“Kupanda kijani makaburini ni kuvunja heshima”

Imepokewa katika Bukhari na Muslim kwamba Mtume (S.A.W.) alipasua kuti bichi la mtende akalipandikiza juu ya makaburi mawili, akitaraji wenyewe wapunguziwe adhabu muda lisipokauka. Wanazuoni wamehitilafiana kama ni jambo lake peke yake au la umma wote, na mimi si shehe. Ninachokijua ni kwamba kukalia kaburi kumekatazwa waziwazi, na hilo hatulikumbuki tunapotafuta pa kunywea uji wakati wa mapumziko. Leteni mkeka.

“Ni ya zamani, serikali inayalinda”

Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda moja kwa moja majengo yaliyojengwa kabla ya 1863. Kaburi la 1890 au la 1914 linahitaji kutangazwa rasmi ndipo liingie. Sheria nyingine, ya kuhamisha makaburi ya 1969, inaruhusu makaburi kuhamishwa ardhi ikitakiwa kwa manufaa ya umma, kwa utaratibu unaowapa ndugu nafasi ya kusikilizwa na kulipwa. Kaburi lisilojulikana lina ndugu gani wa kusikilizwa? Ndiyo maana picha zenu za mawe, ramani ya mkono na orodha ya majina yanayosomeka ni kazi sawa na kufyeka. Pelekeni nakala kwa mtendaji wa mtaa na nyingine halmashauri, na mjipatie ruhusa hapo hapo kabla ya kushika panga.

Siku nzuri ya kuanza ni mwisho wa masika, ardhi ikiwa bado laini na magugu hayajatoa mbegu. Mkichelewa, vuli itawakuta mnafyeka yale yale.