Malta: uliyoambiwa na utakayoyakuta

Dhana: Kisiwa kidogo vile, siku moja unakimaliza.

Ramani inadanganya. Kweli, Malta yote pamoja na visiwa vyake vya Gozo na Comino ni kilomita za mraba 316. Unguja peke yake inaizidi zaidi ya mara nne. Lakini kutoka Valletta, mji mkuu, hadi Ċirkewwa unakopandia kivuko cha Gozo, basi hutumia saa nzima na ziada, kwa foleni tu. Tena basi halisimami kwa sababu umekaa kituoni. Nyoosha mkono kama unavyosimamisha daladala. Ukibaki umeinamia simu, dereva huyo anakwenda zake. Mwezi wa Agosti hata ukipunga litakupita, limejaa hadi watu wamebanwa kwenye vioo vya mlango. Dawa ni kupandia kituo kikuu pale nje ya lango la Valletta, kabla halijajaa, ukiwa na noti ndogo mkononi.

Kivuko chenyewe kisikutishe: wakati wa kwenda Gozo hulipi. Nauli unalipa ukirudi.

Dhana: Ilikuwa koloni la Mwingereza, kibali changu cha kuishi London kinatosha.

Hapa watu wamepoteza tiketi. Malta ilipata uhuru mwaka 1964, ikaingia Umoja wa Ulaya mwaka 2004 na eneo la Schengen, yaani nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, mwaka 2007. Mwenye pasipoti ya Kenya au Tanzania anahitaji viza ya Schengen, hata awe ameishi Uingereza miaka kumi. Alichoacha Mwingereza ni kuendesha magari kushoto na soketi za matundu matatu, kwa hiyo chaja yako ya Nairobi inaingia bila adapta.

Dhana: Lugha yao hutaambulia hata neno.

Kwanza Kiingereza ni lugha rasmi. Pili, na hili ndilo linalonifurahisha kuliko yote, Kimalta kimetokana na Kiarabu, ingawa kinaandikwa kwa herufi za Kilatini. Simama kwenye soko la samaki la Marsaxlokk Jumapili asubuhi, usikilize bei: sita ni *sitta*, saba *sebgħa*, ishirini *għoxrin*, mia *mija*. Alhamisi ni *il-Ħamis*, Ijumaa *il-Ġimgħa*. Hata Kwaresima, watu hawa ambao wengi wao ni Wakatoliki, wanaiita *Randan*, neno lililotoka kwenye Ramadhani. Usijidanganye kwamba utaelewa mazungumzo, lakini chenji hutapunjwa.

Dhana: Mediterania ni mchanga mweupe kila upande.

Anayetoka Paje au Diani atashangaa. Sehemu kubwa ya pwani ni mwamba, na pale Sliema watu hushuka baharini kwa ngazi za chuma. Beba viatu vya kuogelea. Mchanga upo Għadira na Golden Bay, na ule mwekundu wa Ramla kule Gozo. Blue Lagoon ya Comino ina maji ya kupendeza mno, ila watu ni kama siku ya gulio, na tangu 2025 lazima uweke nafasi mtandaoni kwanza. Ni bure.

Lile dirisha la mwamba juu ya bahari, Azure Window, ambalo bado liko kwenye picha kibao za kuuza safari? Liliporomoka kwenye dhoruba, Machi 8, 2017. Akikuuzia mtu safari ya kwenda kuliona, muulize anakupeleka kuona nini.

Dhana: Ni karibu na Afrika, baridi haipo.

Mimi nilikwenda Februari na mashati ya mikono mifupi. Mchana jua lilinipa moyo. Usiku, ndani ya nyumba ya mawe isiyo na hita, shuka zilikuwa na unyevu kama zimeanuliwa mapema, nikalala na koti, na soksi jozi mbili.