Bango la Gladys Glover: yanayosemwa na yaliyomo kwenye It Should Happen to You

Filamu hii ya vichekesho vya mapenzi ilitolewa na studio ya Columbia mwaka 1954. Aliyeongoza ni George Cukor, hadithi ni ya Garson Kanin. Wengi hukumbuka picha moja tu, bango kubwa lenye jina la msichana, na makosa huanzia hapo.

"Gladys alikuja New York kutafuta uigizaji."

La. Gladys, anayechezwa na Judy Holliday, katoka Binghamton, mji mdogo wa jimbo hilohilo, na hataki kuigiza, kuimba wala kucheza dansi. Anataka jina lake lijulikane, basi. Kazi aliyokuwa nayo ni kuonyesha nguo za kubana nyonga, akaachishwa kwa kuzidi robo tatu ya inchi, kama sentimita 2.

"Bango moja ndilo lililompa umaarufu."

Piga hesabu. Akiba yake ni dola 1,000. Bango la Columbus Circle, mzunguko wa barabara jijini New York, hukodishwa dola 210 kwa mwezi, na mkataba haupungui miezi 3. Jumla dola 630, karibu theluthi mbili ya alichonacho. Jina likishachorwa, yeye hulitazama asichoke, lakini mji haushtuki. Mambo hugeuka kwa sababu ya kampuni ya sabuni ya akina Adams, iliyozoea kulichukua eneo lile. Wanambembeleza aliachie, anagoma, mwishowe wanampa mabango 6 kwa hilo moja. Sasa jina limetapakaa, halina bidhaa wala maelezo, na watu wanaulizana huyu ni nani. Akilitaja dukani tu, anazingirwa na wanaotaka saini yake. Televisheni na matangazo ya sabuni hufuata baadaye. Msimulizi akiyaruka yale mabango 6, hadithi haishikiki tena.

"Mji wote ulijengwa studio."

Columbus Circle na Central Park unazoziona ni za New York kwenyewe.

"Jack Lemmon, anayemcheza Pete, mpenzi wa Gladys, hakuwahi kusimama mbele ya kamera kabla ya hapo."

Filamu inamtambulisha kama mgeni, na kweli hii ndiyo nafasi yake kubwa ya kwanza kwenye sinema. Ila alikwishafanya kazi miaka kadhaa televisheni, na mwaka 1949 alipita kwenye filamu moja bila jina lake kuandikwa. Cukor alimsisitizia apunguze makali ya uigizaji, azidi kupunguza. Matunda yake yako pale kwenye piano: yeye na Holliday wanaimba "Let's Fall in Love" kwa sauti ya chini, maongezi yakipenya katikati ya mistari. Ni dakika tamu kuliko zote humu.

"Holliday alikuwa mzito wa akili kama wahusika wake."

Mwaka 1952 aliitwa mbele ya kamati ndogo ya Seneti ya Marekani iliyokuwa ikisaka wakomunisti. Alijifanya hajui kitu, akatoka bila kumtaja mtu yeyote. Hilo halifanywi na mzito wa akili.

"Mwisho wake Gladys anapona tamaa ya jina."

Tazama tena tukio la mwisho. Wameshaoana na Pete, wako ndani ya gari, mara linatokea bango tupu linalosubiri mpangaji. Macho ya Gladys yananata pale. Pete anamuuliza anatazama nini. Anajibu: hakuna kitu.