Abesi si "Mama Mkuu"

Nimekutana mara nyingi mno na tafsiri zinazomwita Hildegard wa Bingen, abesi wa Ujerumani wa karne ya 12, "Mama Mkuu", kana kwamba aliongoza shirika la masista wenye zahanati na shule za chekechea. Abesi ni mmonaki wa kike aliyechaguliwa na wenzake kuongoza abasia, yaani monasteri inayojitawala. Kuhusu maana, hilo latosha.

Lenye utamu ni neno lenyewe. Shina lake ni "aba" ya Kiaramu, ile ile tunayoisoma katika Biblia, "Aba, yaani, Baba", nayo ni ndugu wa "abu" ya Kiarabu iliyomo katika jina Abubakari. Kwa njia ya Kigiriki na Kilatini tukapata abate, mkuu wa abasia ya wanaume, ambaye watu wa Peramiho na Ndanda, penye abasia nchini Tanzania, hawahitaji kuelezwa ni nani. Kisha Kilatini kikampa umbo la kike, abbatissa. Kwa asili, basi, abesi si mama hata kidogo: ni "baba" wa kike, na madaraka yake yalifuata jina.

Mama Mkuu wa leo huongoza kwa muda uliowekwa, na masista wake huhamishwa kutoka nyumba hadi nyumba. Abesi wa Zama za Kati kwa kawaida alibaki madarakani hadi kufa, katika nyumba ile ile, akisimamia mashamba na walioyalima. Fontevraud, Ufaransa, hata watawa wa kiume walimtii yeye. Misa na maungamo tu ndivyo vilivyomhitaji padre.

Mwaka 1178 wakuu wa Kanisa wa Mainz, Ujerumani, walimwamuru Hildegard afukue maiti ya mtu aliyezikwa Rupertsberg, kwenye monasteri yake, wakidai alikufa akiwa ametengwa na Kanisa. Alikataa, kwa kuwa marehemu alikwisha kupatanishwa. Wakawapiga watawa wake marufuku kuimba, wakabaki kusoma masifu, yaani sala zao za kila siku, kwa sauti ya chini hadi mwaka 1179, alipokaribia kufa.

Kwa haki, niongeze kwamba kwa miaka mingi Hildegard mwenyewe aliitwa magistra, yaani mwalimu, maana jumuiya yake ilihesabiwa chini ya abate wa Disibodenberg, monasteri ya wanaume. Hati ya Kaisari Frederick Barbarossa ya mwaka 1163 ndiyo inayomtaja kama abesi. Mfasiri anayesita kuandika "abesi" anayo sababu, ila basi aandike "magistra", na "Mama Mkuu" awaachie masista.