Disleksia si ugonjwa wa macho

Mtoto akiandika "dada" badala ya "baba", wengi husema anaona herufi kinyume, apelekwe akapimwe miwani. Kupima macho si vibaya, ila miwani haiondoi disleksia, yaani ugumu wa kudumu wa kujifunza kusoma na kuandika. Na kuchanganya b na d ni kawaida kwa wanaoanza kusoma, hata wasio na tatizo lolote. Ugumu mkubwa wa disleksia huwa katika kuzitenga sauti za neno na kuziunganisha na herufi.

Mjaribu bila maandishi: "Sema kalamu. Sasa ondoa ka." Akikwama hapo, macho hayahusiki. Huo si uchunguzi kamili, lakini unaonyesha pa kuanzia.

Kuimba "ba be bi bo bu" kunadanganya, kwani mtoto hukariri wimbo. Mwonyeshe "bu" peke yake, utamsikia akianzia "ba". Heri vizibo vya soda: kwa "bata" weka vinne, asogeze kimoja kwa kila sauti, kisha aandike herufi chini yake. Badilisha sauti moja moja: bata, pata, paka. Dakika 15 kila siku, na d isubiri mpaka b ikae.

Usihesabu makosa tu. Kwa Kiswahili, watoto wengi wenye disleksia husoma sawasawa ila polepole mno; hao waongezewe muda wa mtihani.